Ukitaka kangaga kubwa, anza na vumbi

Kuna mmea ambao umerudi kwa kishindo katika bustani za mijini. Utauona nje ya mikahawa, kwenye malango ya majumba ya kukodisha, hata kwenye roshani za ghorofa ya nne ambako mwenyewe hana ardhi ya kutosha kupanda kitunguu. Hauna ua wala tunda, lakini majani yake huinama kwa madaha kama makuti ya mnazi mchanga. Ni kangaga. Wachuuzi wa miche hapa Nairobi huuita feni, na ukisema kangaga watakutazama kama mtu aliyeteremka kwenye basi la Mombasa asubuhi hiyo hiyo.

Leo sitazungumzia vile vikangaga vidogo vya kuninginiza bafuni. Nataka tuongee juu ya makangaga makubwa, na hasa lile kubwa kuliko yote, kangaga-mti, lenye shina refu kama nguzo na majani yaliyojitandaza juu kama mwavuli. Naandika kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimewahi kuliua moja.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita, majuma machache kabla ya mvua za masika. Nililikuta kando ya barabara, limesimama ndani ya mfuko wa udongo, shina lake likinifika kifuani, na juu majani manne ya kijani kibichi. Shilingi elfu tatu na mia tano. "Dada, hii ni ya kumwagilia tu," mwuzaji aliniambia, nami nikaamini. Nililipia na mkokoteni wa kulifikisha nyumbani.

Mwezi wa kwanza lilitoa jani jipya, likaanza kujikunjua polepole kama mkia wa kinyonga. Niliwaita majirani waje waone. Mwezi wa pili likatoa jingine, dogo kuliko lile la kwanza. Mwezi wa tatu machipukizi yakageuka meusi yakiwa bado yamejikunja, na majani ya zamani yakalegea moja baada ya jingine. Nilimwagilia asubuhi na jioni, nikaongeza samadi, nikalihamishia kivulini. Wapi! Siku nilipokata tamaa nikalishika shina ili niling'oe, nililitegemea linipiganie kidogo. Lilitoka kama kigingi. Chini lilikuwa limekatwa sawasawa kwa msumeno, na halikuwa na mzizi hata mmoja wa unene wa uzi.

Nilirudi kwa yule mwuzaji. Aliniambia sikumwagilia vizuri. Nikamwuliza miche hii wanaipanda wapi. Akatazama pembeni, kisha akasema, "Tunaletewa usiku."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimenunua. Kangaga-mti letu la asili, ambalo wataalamu huliita Cyathea manniana, huota lenyewe kwenye misitu ya milimani: Mlima Kenya, Aberdare, milima ya Taita. Hupenda makorongo yenye kijito, ambako ukungu haukauki na jua halipigi moja kwa moja. Shina la kukufika kifuani si kazi ya miaka miwili wala mitatu. Mtu amekwenda na msumeno usiku, akakata kilichochukua miaka mingi kukua, akakichomeka kwenye mfuko wa udongo na kukiuza.

Na kwa nini lilitoa majani mawili kabla ya kufa? Kwa sababu shina lilikuwa bado na akiba ya maji na chakula ndani yake. Lilikuwa likiishi kama ngamia anayetumia nundu yake jangwani. Akiba ilipokwisha, nalo likaisha. Kangaga-mti hili lina kichwa kimoja tu kileleni, na majani yote hutokea hapo. Ukilikata chini, ni nadra sana kuotesha mizizi mipya. Wanaosoma vitabu vya bustani kutoka ng'ambo hupotoka hapa, kwa maana vitabu hivyo husifu kangaga-mti la Australia liitwalo Dicksonia antarctica, ambalo kwa kweli hukatwa kama gogo, likasafirishwa, likachimbiwa na kuota tena. Letu si la ukoo huo. Usilifananishe nalo.

Isitoshe, kuna sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuondoa mmea kutoka msitu wa serikali bila kibali. Na makangaga-mti ya jamii ya Cyathea yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hivyo hata kuyavusha mpaka kunahitaji karatasi. Kwa hiyo, ukikuta kangaga-mti kando ya barabara, lishike shina ulitikise taratibu. Likicheza kama jino bovu, endelea na safari yako. Mwombe mwuzaji afungue mfuko uone mizizi. Lililooteshwa kitaluni huwa na mizizi myeusi, myembamba, iliyojaza udongo wote, na mara nyingi huwa bado fupi. Ufupi ndio dalili ya uhalali wake.

Sasa utaniuliza, basi nilipate wapi? Jibu liko nyuma ya jani.

Pindua jani la kangaga lililokomaa. Utaona vidoadoa vya kahawia vimejipanga kwa safu, kila upande wa mshipa, kama vifungo vya kanzu. Watu wengi wakiviona hushtuka. Mama mmoja wa Buruburu alinieleza jinsi alivyopulizia dawa ya wadudu kwa juma zima, na majani yakababuka yote, ilhali mmea haukuwa na ugonjwa wowote. Ule ulikuwa uzazi wake. Wadudu gamba nao huwa wa kahawia, ni kweli, lakini hukaa ovyo ovyo, hupanda hata kwenye kikonyo, huacha utelezi unaonata, na ukimkwaruza mmoja kwa ukucha hubanduka peke yake. Vidoadoa vya uzazi hufuata mstari, na hukaa upande wa chini wa jani tu.

Kila kidoadoa ni kifurushi cha vijifuko, na ndani ya vijifuko mna vumbi laini kupita unga wa dengu. Vumbi hilo huitwa spora. Zamani huko Ulaya watu waliona mmea usio na ua wala mbegu wakashangaa unazaaje, hata wakazua kwamba mbegu yake haionekani, na atakayeipata naye hataonekana! Aliyeandika waziwazi namna ya kuotesha makangaga kwa vumbi hilo ni John Lindsay, daktari mpasuaji aliyekuwa Jamaica, na maandishi yake yalichapishwa London mwaka 1794. Alichofanya yeye kwa hadubini, wewe utakifanya kwa mkebe wa aiskrimu.

Tafuta kwanza mwenye kangaga-mti lililokomaa bustanini mwake. Omba kipande cha jani cha ukubwa wa kiganja, hakuna atakayekunyima. Chagua sehemu ambayo vidoadoa vimegeuka kahawia iliyokolea lakini havijapasuka vyote. Vikiwa vya kijani bado ni vichanga, na vikiwa vimekauka na kuchanika, vumbi limekwisha kupeperuka. Kiweke kipande hicho, vidoadoa vikitazama chini, juu ya karatasi nyeupe, ukunje karatasi iwe bahasha, kisha uiweke mahali pakavu pasipo upepo. Kesho yake au keshokutwa utakuta vumbi la kahawia kwenye karatasi. Inamisha karatasi kidogo ukigonga kwa kidole. Makapi yatateleza mbele, na vumbi lenyewe litabaki nyuma. Limwage kapi, hifadhi vumbi.

Sasa ni mkebe. Enzi zile tuliandika "funika kwa mfuko wa plastiki", lakini mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na hata hivyo mkebe wenye kifuniko kinachopitisha mwanga ni bora zaidi. Chupa pana ya jemu pia hufaa. Weka ndani udongo wa kina cha vidole vitatu: sehemu mbili za mboji ya majani iliyochekechwa na sehemu moja ya mchanga safi wa mto. Usitie samadi wala mbolea ya dukani. Ni kweli udongo huu ni wa kimaskini, na ndivyo unavyotakiwa uwe.

Kisha ifanye kazi ambayo wengi huirukia, halafu wakalalamika: chemsha maji ya birika, yatokote kabisa, uyamwage juu ya udongo hadi ulowe wote. Funika, uache upoe usiku kucha. Adui mkubwa wa spora ni ukoga na vijimea vingine vya kijani ambavyo hukua haraka kuliko kangaga. Usipoua mbegu zao kwanza, watakula mkebe wote kabla mgeni wako hajafungua macho. Mara ya kwanza mimi nililegea hapa, nikatumia maji ya uvuguvugu kwa kuogopa mkebe usije ukajipinda. Baada ya juma la tatu nilikuwa na zulia zuri sana la ukoga.

Asubuhi, osha mikono, funua mkebe, chota vumbi kwa ncha ya kisu, ulinyunyize kwa kupuliza kidogo. Kidogo kabisa! Vumbi la ncha ya kisu lina spora maelfu. Zikisongamana hazitapata nafasi ya kuzaana. Usizifukie. Funika mara moja, andika tarehe kwenye mkebe, uuweke penye mwanga lakini jua lisiufikie. Dirisha linalotazama upande usiopigwa na jua, au chini ya kivuli cha mti. Ukiuweka juani utazipika.

Hapa nikumbushe kisa kimoja. Mwaka 1829 hivi, daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alikuwa akipenda makangaga lakini moshi wa jiji ukayaua yote. Akafukia kifukofuko cha nondo kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaiziba ili amwone nondo akitoka. Kabla nondo hajatoka, kangaga likachipuka ndani ya ile chupa, likaendelea kuishi bila kumwagiliwa. Maji yalipanda kama mvuke, yakagonga kioo, yakarudi udongoni. Kutokana na chupa hiyo yalizuka masanduku ya vioo yaliyosafirisha miche baharini kwa miongo mingi. Mkebe wako unafanya kazi ile ile. Ukiona matone kwenye kifuniko, usiufungue.

Baada ya majuma matatu hadi manane, udongo utaanza kuwa na rangi ya kijani. Subiri. Baada ya miezi miwili mitatu utaona vijani vidogo vya umbo la moyo, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho, vimelala chali kwenye udongo. Haya si makangaga bado. Ni wazazi wao. Chini ya kila kijani mna viungo vya kiume na vya kike, na mbegu ya kiume husafiri kwenda kwa ya kike kwa kuogelea. Naam, kuogelea! Bila utando wa maji haifiki. Ndiyo maana mtu anayeona moyo wa kijani akafurahi, akafungua kifuniko ili "upate hewa", hukaa mwaka mzima bila kuona kangaga. Katika hatua hii, kila juma nyunyiza ukungu wa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kisha funika tena.

Mambo yakienda sawa, kutoka kwenye ule moyo kitainuka kijani cha kwanza kilichosimama, chembamba, kimejikunja nchani. Hilo sasa ni kangaga. Yakifika urefu wa kidole gumba, yang'oe kwa kijiti pamoja na udongo wake, makundi madogo madogo, uyahamishie kwenye mkebe mwingine wenye udongo ule ule. Usiyatenganishe moja moja mapema. Baadaye ndipo uanze kuyazoeza hewa: kifuniko nusu inchi siku mbili tatu, kisha inchi moja, hadi baada ya majuma matatu kiondoke kabisa. Ukiwa na haraka ukakitoa siku moja, jioni utakuta yamelala kama nywele zilizolowa. Kufika kwenye chungu chake binafsi ni kama mwaka mmoja, na bustanini si kabla ya mwaka wa pili au wa tatu.

Najua kuna msomaji ambaye amekwisha kukunja gazeti. Mwaka wa tatu! Kwako wewe kuna njia fupi, ila si ya kangaga-mti. Lipo kangaga la Boston, ambalo ndilo lile lenye majani marefu ya kuning'inia yaliyojaa kwenye vyungu vya mikahawa. Aina hii ilitambuliwa Marekani mwaka 1894 na haifai kuoteshwa kwa vumbi, lakini hutoa nyuzi ndefu za kijani zinazotambaa kama kamba za viatu. Watu huzikata wakidhani ni uchafu. Lete chungu kidogo karibu, ulaze uzi juu ya udongo, uubane kwa waya uliokunjwa kama kibanio cha nywele, nao utaota mche. Ukiisha kutoa majani manne matano, kata kamba. Au mvua zikianza, litoe kangaga zima chunguni, ulipasue mara mbili au tatu kwa kisu kirefu, kila kipande kikibaki na mizizi na majani. Chungu kimoja kilichosheheni hutoa vitatu asubuhi moja, na kufikia mvua nyingine vyote vimejaa.

Hilo nalo likikufaa, hakuna aibu. Majani yake hufika mita moja na huficha ukuta mbaya vizuri tu. Neno moja la tahadhari: lina ndugu yake mwenye viazi vidogo mizizini, Nephrolepis cordifolia, ambaye ukimpanda ardhini hatakuuliza mpaka wa ploti ni wapi. Mweke chunguni.

Tuseme sasa una mche wa kangaga-mti. Wa Limuru, Kikuyu, Kabete na Karen mna bahati, maana udongo mwekundu, baridi na ukungu wa Julai ni karibu na kwao. Chimba shimo mara mbili ya upana wa chungu, changanya mboji nyingi, panda mche mahali ambapo mti mwingine unaukinga na jua la saa sita na upepo. Kichwa kikae juu ya udongo, ukikifukia kitaoza. Wa Embakasi, Syokimau na Kitengela mna udongo mweusi wa pamba, ambao hushika maji wakati wa mvua hadi mizizi ikose pumzi, kisha hupasuka kiangazi na kuikata. Msipigane nao. Tumieni pipa kubwa lililotobolewa chini, mlijaze udongo wa kununua na mboji. Na maji ya kisima huko mengi ni ya chumvi. Ncha za majani zikigeuka kahawia, ndiyo hiyo. Kingeni maji ya mvua.

Wa Mombasa na Malindi, kusema kweli, kangaga-mti la milimani litawasumbua. Joto la Februari halilifai. Pandeni yale ya pwani, ambayo huota yenyewe chini ya michikichi na mikoko, au lile la umbo la kiota, liitwalo Asplenium nidus, ambalo majani yake mapana yasiyochanika hufika mita moja na hupenda joto lenye unyevu.

Maji ndiyo roho yake, nasi tunaishi kwa maji ya mgao. Huhitaji mpira. Maji ya kuoshea mchele na mboga, yasiyo na sabuni, yatosha. Yamwage shinani kuanzia juu, kwa sababu shina la kangaga-mti limefunikwa na mizizi ambayo nayo hunywa. Januari na Februari, na tena Agosti na Septemba, usipitishe siku mbili. Yale majani ya zamani yanayokauka na kuning'inia usiyakate kwa pupa; yanalifunika shina lisikauke. Tandaza majani makavu chini, unene wa kiganja. Mbolea iwe chai ya samadi iliyochujwa na kuzimuliwa, mara moja kwa mwezi wakati wa mvua, basi.

Mkebe wangu wa pili una tarehe ya Aprili mwaka uliopita. Kipande cha jani kilitoka kwa rafiki wa Limuru ambaye kangaga-mti lake ni la miaka mingi. Nilianza na zulia la mioyo isiyohesabika, na leo nina miche ishirini na mitatu, mrefu kuliko yote ukiwa sawa na kalamu. Binti yangu yuko gredi ya pili, na kila asubuhi kabla ya gari la shule huenda kutazama kama umekuwa mti. Nimemwambia utamfika kifuani akiwa sekondari. Ameniuliza, kifuani mwake wa sasa au wa wakati huo?